Barua Saba kwa Fundi Saa

Wiki jana niliwaacha nikiwa nyuma ya pazia, namsikiliza dada yangu akiimba huku anapiga pasi. Wengi mmeniandikia tangu siku ile. Mmoja amesema nastahili viboko. Mwingine, mama wa watoto sita, amesema viboko havitoshi. Nyote mna haki, lakini ngojeni nimalize kwanza, maana ya leo ni mazito kuliko yale.

Kwa aliyekosa gazeti, au aliyeuziwa karanga ndani yake kabla hajalisoma, nitarudia kwa kifupi.

Mimi ndiye Bi Waridi. Ndiyo, huyo huyo wa riwaya za mapenzi, anayewaliza watu kwenye foleni za hospitali. Si bibi. Ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, nina kipara, sijaoa, na ninaishi chumba cha nyuma nyumbani kwa dada yangu. Mtaani wanajua tu kwamba ninasahihisha karatasi za watu ofisini.

Nina mazoea yangu ya kazi. Kila barua ya mapenzi inayoingia kitabuni huwa naiandika kweli, kwa mkono, naitia kwenye bahasha, naifunga kwa gundi na kuandika juu yake inakwenda kwa nani. Kisha naiacha ilale siku tatu rafuni. Siku ya nne naifungua kama mtu aliyeletewa. Ikinigusa, inaingia kitabuni. Nikipiga miayo, inaingia jikoni kuwashia moto.

Kitabu cha safari hii shujaa wake alikuwa fundi saa. Nilimchukua fundi wa hapa mtaani, mtu mpole aliyefiwa na mkewe, nikambandika kitabuni mzimamzima, pamoja na ile lenzi anayoibana jichoni.

Sasa dada yangu. Huyu ndiye aliyenilea. Mama alipofariki mimi nilikuwa wa kubebwa, na Dada akatolewa shule darasa la kwanza ili anibebe. Hakurudi tena. Kwa miaka thelathini amepiga pasi nguo za watu kwenye chumba cha mbele, na pasi hiyo ndiyo iliyonisomesha. Yeye mwenyewe hajui kusoma. Wateja hawajui, kwa sababu kila mmoja ana uzi wake wa rangi ambao Dada humshonea ndani ya kola: mwalimu uzi wa njano, dereva uzi wa kijani. Hajawahi kupoteza hata soksi.

Saa yetu ya ukutani ilipoanza kuchelewa kila adhuhuri, nilimwahidi Dada kwamba nitamwandikia fundi maelezo ya ugonjwa wake. Nikasahau. Dada akaona bahasha rafuni, akasema moyoni, mdogo wangu ameshaandika, nisimsumbue. Akaichukua, akaibeba pamoja na saa, akampa fundi mkononi.

Ilikuwa barua ya mapenzi ya siku mbili. Na aliyeipeleka ni mwanamke, kwa mkono wake, akiwa ameinamisha macho kwa sababu jua lilikuwa kali.

Fundi akajibu. Nilipaswa kusema ukweli siku hiyohiyo. Badala yake nilimwambia Dada kwamba fundi ameandika kumsifu kwa kuitunza saa vizuri, nikamwandikia fundi barua ya pili, na ya tatu. Zikafika sita; za fundi nikaanza kumsomea Dada vipande vipande, naye akawa ananipa majibu ya kuandika. Za fundi zilikuja ndani ya mfuko wa shati la kupigwa pasi; zangu zilirudi ndani ya mfuko huohuo. Fundi alipewa uzi mwekundu, rangi ambayo Dada hakuwahi kumpa mteja yeyote.

Hapo ndipo tulipofika. Sasa twendeni.

Jumatano mchana Dada alitoa barua kwenye shati la fundi, akanipa bila kuniangalia.

"Haya, nisomee."

Nikasoma. "'Shati la bluu kifungo chake cha pili kimelegea. Usikishone. Nimekilegeza mwenyewe, nipate sababu ya kurudi.'"

Dada akageuza uso kuelekea dirishani. Pasi ilikuwa juu ya shati la mwalimu.

"Dada, shati!"

Akaiinua pasi. Kwenye bega la shati kulikuwa na alama ya kahawia yenye umbo la pasi kamili. Miaka thelathini, hajawahi kuunguza.

"Endelea," akasema.

"Imeishia hapo."

Haikuishia hapo. Chini yake kulikuwa na mistari sita: fundi alikuwa akiikumbuka barua ya kwanza na neno moja lililokuwemo, akisema tangu alisome hajalala vizuri. Ningesomaje hayo? Dada angeuliza, neno gani?

"Mbona karatasi ndefu, sauti fupi?"

"Ana mwandiko mkubwa."

Akaitazama karatasi ile mkononi mwangu kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akasema, "Mwandikie kwamba kifungo nimekishona. Mtu mzima hatembei na kifungo kinaning'inia. Lakini arudi tu. Sababu haziishi."

Wasomaji wangu, mimi nina vitabu kumi na viwili. Hakuna hata kimoja chenye maneno mazuri kama hayo. Mtu mwenye akili angeyaandika vilevile, akatia nukta. Mimi nikaenda chumbani nikaandika: *Tangu nikujue, kila kifungo changu kimelegea.*

Kisha nikazinakili zote mbili, ya fundi na yangu, kwenye mswada wa kitabu, na jioni ileile nikazipeleka ofisi ya vitabu. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya tangu mwanzo. Kwa miaka miwili nilikuwa nimekauka, mashujaa wangu wote ni madaktari wenye magari meupe, wanawake wote wanazimia. Sasa kila Jumatano ninaletewa mapenzi mlangoni, yamekunjwa vizuri na yananukia sabuni. Nilikuwa mwizi mwenye furaha.

Saa kumi Dada alichukua kikapu chake. "Napeleka nguo."

Alikuwa akitoka saa hiyo kila siku kwa muda wa wiki tano hivi. Alirudi baada ya saa moja na nusu, vidole vyake vyeupe.

"Umeshika nini?"

"Wanga," akasema, akaenda kunawa.

Nikaamini. Mpiga pasi na wanga, nani angeuliza?

Alhamisi asubuhi fundi aliniita nikiwa napita.

Duka lake lina upana wa mlango na nusu. Saa ziko ukutani mpaka darini na hakuna mbili zinazokubaliana. Alitoa lenzi jichoni, akanivutia kigoda, akakifuta kwa kiganja. Fundi huyu akiongea maneno kumi kwa siku amehutubia. Akija kwetu husema "Shati," na Dada hujibu "Nimeliona," basi.

"Shemeji," akaanza.

Hajawahi kuniita hivyo.

"Jumapili nitakuja nyumbani na kaka yangu, tuzungumze. Wewe ndiye mwanamume wa nyumba ile."

"Karibuni," nikasema. Ningesema nini?

"Nina umri wa miaka hamsini na minne. Sikuwahi kuandikiwa na mtu. Marehemu mke wangu tulipendana, lakini hatukuwa watu wa maneno. Halafu dada yako akaniletea bahasha." Akasimama, akavuta droo, akanionyesha barua zilizopangwa ndani ya kisanduku cha saa ya mkononi. Mwandiko wangu ulinitazama. "Shemeji, mwanamke aliyeandika haya mimi nisipomwoa nitakuwa mjinga."

"Fundi," nikasema. Moyo ulikuwa unapiga kuliko saa zake zote. "Kuna jambo."

"Sema."

"Hizo barua..."

"Ngoja na mimi niseme langu kwanza, lisije likanipotea. Mke wangu alinificha ugonjwa wake miaka miwili. Alinificha kwa huruma. Nikaja kujua wiki ya mwisho. Tangu hapo nimeapa, sitaki kufichwa kitu, hata kwa wema. Mtu akinificha, mimi na yeye basi." Akafunga droo. "Kwa hiyo nitaomba jambo moja tu Jumapili. Dada yako anisomee ile barua ya kwanza. Kwa mdomo wake, mbele ya kaka yangu. Nataka niyasikie maneno yale na sauti yake. Haya, na wewe ulitaka kusema?"

Mteja akaingia na saa isiyo na mkanda.

Mungu anajua, mteja yule angengoja. Fundi mwenyewe alimwambia angoje. Lakini mimi nilishainuka, nikasema, "Nilitaka kusema karibuni sana," nikatoka mbio.

Mficha uchi hazai, walisema wazee. Mimi nilikuwa nimeficha uchi wa watu watatu chini ya shuka moja.

Nikakimbilia ofisi ya vitabu. Niliwaza hivi: nikiziondoa barua kitabuni, angalau hapatakuwa na ushahidi. Baada ya hapo nitatafuta namna ya kumfundisha Dada kuikariri ile ya kwanza, kama watoto wanavyokariri shairi. Mfa maji haachi kutapatapa.

Mhariri wangu ni mama mwenye miwani ya kamba na penseli nyekundu nywelini. Kwa miaka miwili alikuwa akinirudishia kazi zangu akisema zimekufa. Siku hiyo aliponiona alisimama.

"Bi Waridi! Njoo uone mtoto wako."

"Nataka kuziondoa barua."

"Barua zipi?"

"Zote."

Akacheka mpaka penseli ikaanguka. "Barua ndizo kitabu, kaka. Ukiziondoa kinabaki kiasi cha ratiba ya basi. Huyu mwanamume wa kifungo umemtoa wapi? Jana usiku nilimsomea mume wangu, amekwenda kulegeza chake."

"Ni watu wa kweli."

Kicheko kikaisha. "Umetaja majina?"

"Hapana."

"Mtaa?"

"Hapana, lakini..."

"Basi hakuna mtu. Karatasi ziko mtamboni. Jumamosi asubuhi wanachapa, Jumatatu kiko madukani." Akanisukumia kitu juu ya meza. "Hili hapa jalada. Lichukue, ukalale nalo, utapoa."

Mbele kulikuwa na picha ya saa. Nikaligeuza.

Nyuma ya jalada, kwa herufi kubwa nyeusi ambazo hata kipofu angezipapasa, walikuwa wamechapa barua ya kwanza. Yote, neno kwa neno.

"Hiyo ndiyo itakayouza," akasema Mhariri.

Nilirudi nyumbani na jalada limekunjwa kwenye mfuko wa begi. Dada hakuwepo. Niliketi kwenye meza ya pasi nikijipanga. Nilijiambia, akiingia tu, kabla hajatua kikapu, namwambia yote. Nililirudia neno la kwanza mara ishirini. Dada, nisamehe. Dada, nisamehe.

Akaingia saa kumi na moja na nusu.

"Fundi kasemaje?" akauliza. "Mke wa dereva amekuona dukani kwake."

Maneno yangu yote yakayeyuka. "Anakuja Jumapili. Na kaka yake."

Akaketi taratibu kwenye gunia la nguo. Aliziba mdomo kwa ncha ya kanga, na machozi yalimtoka huku anacheka. Nimemwona Dada akilia kwa njaa, kwa msiba, kwa ada yangu. Sikuwahi kumwona akilia hivi.

"Ila ana ombi," nikasema. "Anataka umsomee ile barua ya kwanza. Mbele ya kaka yake."

Nilitegemea atashtuka. Nilitegemea aseme, mdogo wangu, tutafanyaje? Hapo mimi ningesema nina mpango.

"Nitasoma," akasema.

"Dada, utasomaje?"

Akavuta kikapu, akaondoa nguo za juu. Chini kulikuwa na daftari la mistari mipana, penseli, na kipande cha chaki.

"Nyuma ya zahanati kuna darasa la watu wazima. Wiki ya sita hii. Mwalimu anatutoa ubaoni mmoja mmoja kama watoto, nimecheka mpaka mbavu zinauma." Akanionyesha vidole vyake. "Wanga! Na wewe mwandishi mzima ukaamini."

Nikalifungua daftari; kurasa zilikuwa zimejaa.

"Usinielewe vibaya, mdogo wangu. Umenisaidia. Lakini nimechoka kupendwa kupitia mdomo wako. Unasoma kama mtu anayeruka madimbwi. Nikasema, siku moja nitazisoma mwenyewe, zote, tangu mwanzo." Akajifuta macho. "Kuna kitu kimoja tu sikielewi. Barua yangu ya kwanza si ilikuwa ya ugonjwa wa saa? Mtu anaitakia nini barua ya ugonjwa wa saa mbele ya kaka yake?"

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilikuwa na lile neno langu mdomoni, Dada, nisamehe. Nikainuka ili niliseme nikiwa nimesimama, begi likaanguka kutoka mapajani, na jalada likateleza mpaka miguuni pake.

Akaliokota. Macho yake yaling'aa, maana herufi zilikuwa kubwa, si mwandiko wa kukimbia.

"Tusome na hili," akasema. Akaweka kidole. "Fu... ndi. Fundi. Wa... ngu. Fundi wangu!" Akanitazama akicheka kama msichana. "Umesikia? Nimesoma!"

Ningeweza kumpokonya. Mikono yangu haikuinuka.

"Ni... me... wa... pi... gi... a." Kidole kikasogea. "Pa... si. Nimewapigia pasi." Kicheko kilikuwa kinapungua. "Wa... na... u... me. Mi... a. Ha... ku... na."

Kidole kikasimama. Kisha akaendelea kwa sauti ya chini, bila kukata tena, na hakuwa akitazama karatasi. "Hakuna hata mmoja aliyekuwa wangu."

Akaliweka jalada juu ya meza ya pasi.

"Haya ni yangu," akasema Dada. "Nilikuambia wewe jikoni, siku aliyoondoka yule bwana."

Sikuwaambia habari za yule bwana. Miaka kumi na tisa iliyopita palikuwa na mtu aliyetaka kumwoa Dada na kuhamia naye mbali. Mimi nilikuwa nasoma bado, na Dada akasema hawezi kuniacha. Yule bwana hakungoja. Jioni ile Dada aliketi jikoni akayasema maneno hayo mara moja tu, na tangu siku hiyo hakuimba tena, mpaka zilipoanza kuja barua za fundi. Mimi nilimbembeleza mpaka akanyamaza. Kisha nikaenda chumbani nikayaandika, yasinipotee.

Hilo ndilo lililokuwa likinizuia kusema tangu wiki ya kwanza, wasomaji. Si bahasha. Bahasha ni bahati mbaya. Lile la jikoni nililifanya kwa mkono wangu.

"Yamefikaje huku?" akauliza.

Nikamwambia. Nilianza na jikoni nikamaliza na Mhariri, sikuruka hata dimbwi moja. Dada alikuwa anakunja shati la mtu, analikunjua, analikunja tena.

"Fundi anampenda nani?" akauliza nilipomaliza.

"Anakupenda wewe, Dada."

"Ananijulia wapi? Nilisema umwambie kifungo nimekishona. Ulimwandikiaje?"

Nikainama. "Niliandika kwamba... tangu nikujue, kila kifungo changu kimelegea."

"Vyangu?"

"Ndiyo."

"Mimi? Mwanamke wa miaka hamsini, vifungo vyangu vyote vimelegea, na mtu anatembea mtaani anajua hivyo?" Laiti angepiga kelele. Alisema polepole, kama anahesabu nguo za mteja. "Na mimi namwambia 'Nimeliona' nikiwa nimevaa mpaka shingoni. Kikulacho ki nguoni mwako. Nguo ndiyo kazi yangu, na bado sikukiona."

"Dada, nitakwenda kwake sasa hivi, nitamwambia..."

"Hutamwambia kitu. Umeshasema ya kutosha kwa niaba yangu."

Akaingia chumbani kwake na daftari.

Ijumaa hakupiga pasi. Wateja walikuja wakakuta mlango umerudishwa nusu, na mimi nimekaa nje kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Saa tatu, saa nne, saa tano. Nilisikia penseli ikivunjika, wembe ukiichonga, karatasi ikichanwa. Hakuniuliza hata neno moja linaandikwaje.

Yule mwalimu wa uzi wa njano alikuja kuchukua shati lake. Nikamwambia limeungua bega. Akasema, "Dada yako ameunguza?" kwa sauti ya mtu aliyeambiwa mto umepanda mlima.

Saa saba Dada alitoka. Alikuwa na bahasha, mojawapo ya zile zangu. Juu yake palikuwa na herufi kubwa, zimelala upande kama nyumba zenye misingi mibovu, lakini zinasomeka: FUNDI SAA.

"Mpelekee," akasema. "Na usiilaze siku tatu."

"Nimwambie nini?"

"Wewe ni bahasha tu leo. Bahasha haisemi."

Nilikwenda. Ni mwendo wa dakika sita, na kwa dakika sita nzima nilitamani kuifungua. Gundi ilikuwa bado mbichi. Nimeandika barua za wanawake zaidi ya mia mbili, na sikuwa na habari mwanamke huyu wa nyumbani kwangu ameandika nini. Sikuifungua. Niwekeeni hilo upande wangu, kama mnaweka lolote.

Fundi aliinuka aliponiona. "Karibu, shemeji."

Nikampa bahasha. Akautazama mwandiko wa juu, akanitazama mimi, akautazama tena. Akaikata kwa kisu kidogo cha kufungulia saa.

Ilikuwa karatasi ya daftari. Kutoka nilipokuwa nimesimama niliona mistari mitatu tu, mipana, penseli imekandamizwa mpaka imetoboa sehemu moja.

Akaisoma. Akaweka lenzi jichoni akaisoma tena, herufi kwa herufi, jinsi anavyotafuta jino lililovunjika kwenye gurudumu la saa.

"Unajua kilichomo?" akauliza.

"Sijui."

"Hukuisoma?"

"Hapana."

Aliitoa lenzi. Sikuweza kusoma uso wake, mimi ninayejidai kusoma nyuso.

"Hicho kitabu kinachapwa lini?"

Kwa hiyo Dada alikuwa amemwambia. "Kesho asubuhi."

Akatikisa kichwa kidogo. Kisha akavuta droo, akatoa kile kisanduku, akazitoa barua saba na kuziweka mbele yangu juu ya kioo cha meza yake, zimepangana vizuri.

"Hizi ni zako," akasema.

"Fundi, naomba nikueleze..."

"Ni zako. Zichukue."

Ile ya mistari mitatu hakuniwekea. Aliikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati. Lilikuwa lile la bluu, na kifungo cha pili kilikuwa kimeshonwa imara kwa uzi mwekundu.

"Na Jumapili?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto.

"Hilo hukuulizwa wewe."

Akachukua funguo msumarini. Haikuwa imefika hata saa nane, na mtu huyu hajawahi kufunga duka mchana tangu alipomzika mkewe. Akanitangulia nje, akafunga, akaondoka bila kuaga.

Nilibaki kizingitini na barua zangu saba mkononi, nikimtazama. Mbele kuna njia panda. Kulia ni kwake. Kushoto ni kwetu, ambako nilimwacha Dada amefungua dirisha la mbele, haimbi.

Fundi alifika njia panda akasimama. Baiskeli ikampigia kengele, hakusogea. Akaitoa ile karatasi mfukoni, akaifungua, akaanza kuisoma upya.